Shemeji yangu anataka kukata nyaya zote za gari

Mzee Mshauri,

Salamu kutoka Panzi. Naomba jibu lako kabla shemeji yangu hajaja na koleo lake.

Nina Toyota Corolla ya 1998, ilitoka Japani, usukani uko kuume. Injini haina neno. Kinachonisumbua ni muziki. Redio ni ileile iliyotoka nayo kiwandani, na spika ni nne: mbili kwenye milango ya mbele, mbili kwenye ubao ulio chini ya kioo cha nyuma. Ya mlango wa dereva inakatika na kurudi yenyewe. Ya mlango wa kushoto inakwaruza nikiongeza sauti, na msimu wa mvua ndiyo inazidi. Za nyuma zinalia, ila hazina besi. Tena stesheni za hapa Bukavu nazipata kwenye namba zisizo zake, sijui kwa nini.

Mimi na mke wangu tumeweka kando dola 180. Sokoni Kadutu nimeonyeshwa spika za inchi 6 na nusu zilizoandikwa "wati 300", dola 30 jozi. Redio ya bluetooth na USB, dola 40. Amplifaya ya njia nne, dola 70. Hapo sijanunua waya hata mmoja.

Sasa shemeji. Ni kaka mkubwa wa mke wangu, fundi umeme wa nyumba, na magari pia huyagusa. Amesema atanifanyia bure. Mpango wake ni huu: nyaya za kiwandani zimezeeka, zikatwe zote nyuma ya redio, tuvute mpya hadi kwenye kila spika, na amplifaya ichukue moto kwenye sanduku la fyuzi kwa sababu ni karibu. Nimeiona kazi yake kwenye gari la jirani. Nyaya zimesokotwa kwa mkono na kuzungushiwa tepu nyeusi, na hasi za spika zote amezikusanya akazifunga kwenye bodi. Redio ya jirani haikumaliza mwezi. Shemeji anasema ilikuwa feki.

Kuna fundi wa magari huko Nyawera ambaye kazi yake ni safi, lakini anataka dola 60 za mikono tu. Na Bukavu si mji wa kuficha kitu: gari likionekana kwake asubuhi, jioni shemeji anajua. Huyu ndiye aliyetusimamia wakati wa mahari, akaongea na wazee wake mpaka wakapunguza. Nikimwambia sitaki mikono yake, nitakuwa nimemwambia nini hasa? Mke wangu anasema gari si kitu cha kuvunja undugu. Lakini yeye ndiye anayepanda na watoto kila siku, na habari ya gari kushika moto anaiogopa kuliko mimi.

Nyaya zote zibadilishwe, au spika tu? Na kwa shemeji nianzie wapi?

Mume wa dada yake, Panzi


MSHAURI ANAJIBU

Mume wa dada yake, karibu ndugu yangu.

Nikikuelewa vizuri, umeleta mambo mawili yaliyofungwa fundo moja: gari lenye sauti mbovu, na ndugu mwenye moyo mzuri ambaye kazi yake inakutia wasiwasi. Nianze na gari. Ukishajua gari lenyewe linadai nini, huenda ya kumwambia shemeji yakawa machache kuliko unavyodhani.

Kitu kimoja kimenigusa katika barua yako. Wewe unafikiria spika, shemeji anafikiria nyaya, muuzaji wa Kadutu anafikiria amplifaya, na hakuna hata mmoja aliyepima. Mita ndogo ya umeme, ambayo shemeji bila shaka anayo kwenye begi lake, ingekuambia mengi kabla hujatoa dola ya kwanza.

Mlango wa dereva upime hata bila mita. Simamisha gari, washa redio, halafu fungua na kufunga mlango polepole huku ukisikiliza. Kama sauti inakatika kila mlango unapofika pembe fulani, spika haina kosa. Kati ya mlango na bodi kuna mpira unaopitisha nyaya, na mlango wa dereva ndio umefunguliwa kuliko yote kwa miaka zaidi ya 25. Shaba hukatikia ndani huku ganda likibaki zima, kwa hiyo macho hayakusaidii. Dawa ni kipande kipya kinachoanzia ndani ya dashibodi, kinapita kwenye mpira, kinaishia ndani ya mlango. Maunganisho yote mawili yakae nje ya mpira. Na usiyachomelee kwa risasi karibu na hapo: risasi huufanya waya kuwa mgumu, na pale ugumu unapoishia ndipo utakapokatika tena.

Wa kushoto itabidi ufunguliwe. Kuna skrubu nyuma ya kishikio cha kufungulia mlango na nyingine pale pa kuwekea mkono. Kama kioo chako ni cha kuzungusha, mkono wake unashikwa na klipsi ya chuma isiyoonekana. Ingiza kitambaa nyuma ya mkono huo, ukivute huku na huku kama unayeng'arisha kiatu, nacho kitaikamata klipsi na kuitoa. Weka kiganja juu yake, kwa maana huruka, na ndani ya gari haionekani tena. Kisha bandua jopo kuanzia chini. Klipsi za plastiki za pembeni zitavunjika chache, hilo ni uzee tu, kwa hiyo nunua sita au nane mapema.

Sasa mita. Chomoa plagi ya spika, weka mita kwenye omu, kipimo cha ukinzani, yaani jinsi umeme unavyozuiwa. Spika ya omu 4 iliyo nzima husoma kati ya 3.2 na 3.8. Ikikataa kusoma kabisa, koili, ule waya uliozungushwa ndani ya spika, imeungua. Ikisoma vizuri, weka vidole vya mikono yote miwili kwenye koni, ile karatasi ya mbele inayotikisika, usukume taratibu na kwa usawa. Ukisikia mkwaruzo, koili inasugua sumaku na spika hiyo imemaliza kazi yake. Kama koni inatembea laini, tafuta karatasi iliyochanika au ukingo ulioachia.

Hapo hapo utazame karatasi ya nailoni iliyobandikwa kwenye chuma cha mlango kwa gundi nyeusi inayonata. Bado ipo? Maji ya mvua huingia ndani ya mlango kupitia ukingo wa kioo. Hilo ni la kawaida, gari limeundwa hivyo, na chini ya mlango kuna matundu ya kuyatoa. Ile nailoni ndiyo inayozuia maji yasifike kwenye jopo na ndani ya gari. Mafundi wengi huichana, huitupa, na baadaye mwenye gari hulaumu spika. Umesema yako inazidi msimu wa mvua. Kwa mvua za Bukavu, kuweka spika mpya bila kurudisha nailoni na kuzibua matope kwenye matundu ni kununua nyingine mapema mno.

Za nyuma, kabla ya kuzihukumu, zipime kwa betri ya saa ya volti 1.5. Gusisha chanya kwenye chanya ya spika na hasi kwenye hasi, kwa sekunde moja tu. Koni lazima iruke kwenda nje. Kisha rudia ukiwa kwenye plagi ya redio iliyochomolewa, ukitumia nyaya za gari. Kama moja inaenda nje na nyingine inaingia ndani, mtu aliwahi kuzigeuza, na mbili hizo zinauana besi. Kuzigeuza tena hakugharimu chochote.

Sasa hoja ya nyaya kuzeeka. Shemeji hajakosea kuwa na mashaka, lakini umri peke yake hauli sauti. Tuseme waya wa kiwandani ni wa milimita mraba 0.5, na kwenda na kurudi hadi mlangoni ni mita 8. Ukinzani wake wote ni kama omu 0.28. Mbele ya spika ya omu 4, kinachopotea hakifiki desibeli 1, kipimo cha ukubwa wa sauti. Ukivuta waya mpya wa 1.5, ukinzani unashuka hadi 0.1 hivi, na sikio halitaona tofauti. Waya wa zamani uliokatika, uliooza kijani au kuliwa na panya, huo badilisha. Ulio mzima unaweza kufanya kazi na redio miaka mingine. Jambo hubadilika ukiweka amplifaya, kwa sababu sauti haitoki tena kwenye redio; hapo nyaya mpya za 1.5 hadi kila spika zina maana, na shemeji atakuwa na haki.

Kuhusu zile "wati 300", tafuta fyuzi ya redio. Mara nyingi ni ya ampea 10 au 15. Chukua 10, zidisha na volti 14: wati 140, ndiyo yote redio inaruhusiwa kunywa, pamoja na joto inalotoa. Redio iliyoandikwa "50 mara 4" kwa kweli hutoa wati 15 hadi 20 safi kwa kila spika. Kwa hiyo kwenye sanduku la spika usisome wati, soma usikivu: desibeli 90 au 92 kwa wati moja ni nzuri. Spika ya 87 inataka nguvu mara mbili ili ilie sawa na ya 90, na redio haina nguvu hiyo.

Tuje kwenye njia zilizo mbele yako.

Ya kwanza ni ndogo: spika mbili za mbele, redio, kile kipande cha waya mlangoni, na adapta. Toyota za miaka hiyo zina plagi mbili nyuma ya redio, ya pini 10 na ya pini 6, na adapta zake hupatikana kirahisi. Redio mpya inachomekwa bila kukata chochote, na siku ya kuuza gari unarudisha ya zamani. Kwa kawaida buluu yenye mstari wa njano ni moto wa kudumu (umeme usiokatika), kijivu ni moto wa ufunguo (umeme unaokuja ukiwasha ufunguo), kahawia ni bodi. Hata hivyo pima, usiamini rangi. Ukibadilishana moto wa kudumu na wa ufunguo, redio itasahau stesheni kila ukizima gari.

Hatari ya njia hii si gari kuungua, ni kukata tamaa. Spika mpya ikifungwa ovyo hulia vibaya kuliko kuukuu. Ile ya kiwandani mara nyingi ina kishikio chake cha plastiki kinachojaza tundu; ya dukani inahitaji pete ya kuizungushia. Pete ya plastiki inafaa kuliko ya mbao zilizoshindiliwa, ambazo hunywa maji na kuvimba, labda uzipake vanishi pande zote. Nafasi yoyote kati ya spika na chuma izibwe kwa sponji, kwa sababu sauti ya nyuma ya koni ikivuja mbele huifuta besi. Na kabla ya kutoboa, teremsha kioo mpaka chini upime kina. Kuna watu wamegundua sumaku inagusa kioo baada ya kufunga kila kitu.

Ya pili ni kuongeza amplifaya. Inapendeza, sikukatazi. Ila hapa ndipo hofu ya mke wako ina msingi. Amplifaya ya wati 50 halisi mara nne ikilia kwa nguvu yote hunywa karibu ampea 24. Sanduku la fyuzi la ndani, na waya mwembamba unaolilisha, havikuundwa kubeba hizo juu ya taa na wipa. Moto wake utoke moja kwa moja kwenye betri, kwa waya wa shaba wa milimita mraba 8 au 10, na fyuzi ya ampea 30 ikae ndani ya sentimita 30 kutoka kwenye nguzo chanya. Sababu ya kuwa karibu ni kwamba kipande kilicho kabla ya fyuzi hakina ulinzi. Kikisuguana na bodi, betri itamwaga mamia ya ampea na ganda litawaka. Pale waya unapopita kwenye ukuta wa injini, lazima kuwe na mpira. Hasi yake iwe fupi, nene vilevile, kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi. Na ukinunua waya sokoni, kwangua nyuzi zake kwa wembe: ukiona nyeupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba, chukua saizi inayofuata juu.

Piga hesabu pia. Spika za mbele 30, redio 40, amplifaya 70, fundi wa Nyawera 60: tayari ni 200, na hatujanunua waya wala fyuzi. Amplifaya na fundi huyo havikai pamoja ndani ya dola 180. Pengine hilo ndilo linalokusukuma kwa shemeji kuliko undugu. Jiulize.

Ya tatu ni kuvuta kila kitu upya. Inafaa kama vipimo vimeonyesha nyaya nyingi mbovu. Bila hivyo unabadilisha maunganisho ya kiwandani, ambayo hayajakusumbua, kwa maunganisho ya mkono.

Sasa shemeji. Umemweka kwenye mizani ya kukubali au kukataa, lakini tazama makosa yake yanatoka wapi. Kwenye nyumba, nyaya zilizosokotwa ndani ya boksi hazitikisiki. Kwenye barabara zetu zinatikisika kutwa, gundi ya tepu inalainika kwa joto, unyevu unaingia. Kwenye gari hasi ya betri ni bodi, kwa hiyo akadhani hasi ya spika nayo ni bodi. Redio za siku hizi zinasukuma umeme kwenye nyaya zote mbili za spika. Ukifunga mmoja kwenye bodi unaibana redio koo. Siwezi kuapa kwamba ndicho kilichoua ya jirani, ila kingetosha. Huyu si mtu mzembe. Ni mtu anayetumia sheria za kazi moja kwenye kazi nyingine.

Ndiyo maana nadhani anaweza kuelewa haraka ukimwongelesha kwa lugha ya kazi yake. Hawezi kuvuta waya kutoka kaunta ya SNEL, shirika la umeme, hadi jikoni kwa mtu bila dijonkta, ile swichi inayokata umeme ukizidi. Muulize, "Shemeji, kwenye gari dijonkta tunaiweka wapi?" Atafika mwenyewe kwenye betri. Unaweza kumwomba aje na mita kwanza, mpime pamoja, bila koleo. Unaweza kununua mwenyewe adapta, viunganishi vya kubana, koleo lake na mirija ya plastiki inayosinyaa kwa joto, umwekee mbele: vifaa vikiwa pale, mkono haukimbilii tepu. Kila kiunganishi kikishabanwa, kivutwe kwa nguvu, kikichomoka, kirudiwe. Hatari yake ni kwamba ni mkubwa kwako, na anaweza kuona unamsahihisha. Wewe ndiye unayejua anapokeaje maneno akiwa peke yake, na anapokeaje mbele ya watu.

Unaweza pia kugawa kazi: yeye apime, afunge spika na milango, na wa Nyawera afanye waya wa betri tu, kama utaamua amplifaya. Kazi ndogo, bei ndogo. Hapo atauliza kwa nini, na itabidi useme ukweli kwamba ni moto unaouogopa. Au umpe kitu kidogo, hata kama hataki. Kazi ya bure ina tabu yake: ikiharibika huna mdomo wa kusema irudiwe, na yeye hana deni la kurudi.

Maneno ya mke wako nayo yasome tena. Alisema gari lisivunje undugu. Hakusema umkubalie kaka yake kila kitu. Umemuuliza yeye angemwambiaje? Dada ana njia zake za kuongea na kaka, ambazo wewe mkwe huna.

Yeyote atakayefungua dashibodi, atoe kwanza hasi ya betri na kusubiri angalau sekunde 90, na nyaya zenye ganda la njano asiziguse wala kuzipima. Hizo ni za eabegi, mifuko ya hewa inayofumuka gari likigonga.

Na zile stesheni zenye namba za ajabu: redio za Japani za miaka hiyo hushika FM ya 76 hadi 90 tu, wakati sisi tunatumia 87.5 hadi 108. Kwa hiyo mtu alikuwekea kisanduku kidogo kwenye waya wa antena, kinachoshusha masafa ili redio iyapate. Ukiweka redio mpya, kitoe, antena iingie moja kwa moja, la sivyo utadhani umeuziwa redio mbovu. Ukipima ukakuta namba tofauti na hizi nilizoandika, nitumie pamoja na rangi za nyaya ulizokuta, tuziangalie.

Mshauri